Upande wa Jua

Mabao thelathini na nane. Hayo ndiyo Nunu Mahfudh aliyoifungia timu ya taifa ya wanawake katika miaka kumi na minne, na yote, ukiacha penalti mbili, aliyafunga akitokea winga ya kushoto. Hakuna mwanamke nchini mwake aliyefika hata nusu ya hapo. Ukienda Majengo, Mombasa, ukamtaja, watakuhadithia jinsi alivyokuwa akimpita beki kwa nje mpaka beki anabaki ameshika kiuno kama mtu aliyeachwa na basi. Lakini rekodi hailipi kodi ya nyumba, na goti likishachoka halijali ulikuwa nani. Mwaka 2016, akiwa na miaka thelathini na mitano, Nunu alikuwa Dubai, kwenye hoteli moja ya Al Rigga, akisimamia usafi wa vyumba tisini. Wageni walimwita madam bila kujua wanamwita nani, na yeye hakuwasaidia kujua.

Hilo halikumsumbua. Kilichomkera, tena kumkera hasa, ni wale waliojua. Kila aliyejua alitaka kitu kimoja: aguse mpira. Apige danadana mbele ya watoto, apigwe picha, akimbie kidogo pembeni waone kama mguu bado upo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anaufikiriaje mpira.

Mzee Marhun naye alikuwa wa kundi hilo. Familia yake ilihamia Dubai kutoka Unguja miaka mingi iliyopita, kabla ya haya maghorofa yote, na sasa alikuwa na shule ya mpira wa miguu yenye watoto mia mbili. Mwezi wa Septemba alimwita Nunu ofisini kwake, akamkaribisha kahawa na tende, akamwambia anataka picha yake kwenye bango la shule.

"Na mimi nataka timu," Nunu akasema. "Nipe wasichana wa chini ya miaka kumi na tano, niwafundishe."

Mzee Marhun alicheka, wala si kwa ubaya. "Bi Nunu, mwanangu, nyie mawinga Mungu kakupeni mbio. Kufundisha waachieni viungo, wale wanaokaa katikati. Winga anauona nusu uwanja tu. Miaka yote kasimama kwenye chaki, hiyo nusu ya pili anaisikia kwa jirani."

Maneno hayo yalimwingia Nunu pabaya. Akaweka kikombe chini. "Nijaribu."

Mzee akamtazama, akaona hatanii. Kila mwaka alikuwa akidhamini kombe la wanawake wafanyakazi wa Afrika Mashariki, mechi kila Ijumaa, fainali tarehe mbili Desemba, sikukuu ya taifa ya wenyeji. "Haya basi. Unda timu. Lichukue kombe langu, na wewe usiguse mpira hata mara moja. Ukilichukua, wasichana ni wako, na kafili wako n'takuwa mie. Ukilikosa, tutapiga picha ya bango na tutabaki marafiki. Khalas?"

"Khalas."

Nunu hakumwambia kwamba mkataba wake wa hoteli ulikuwa unaisha tarehe thelathini na moja Desemba, na meneja alikwisha sema hautaongezwa. Bila kafili mpya wa kumdhamini hakuna viza, na bila viza ni kurudi Mombasa na sanduku lake. Si kwamba Mombasa ni pabaya. Ila kule angekuwa picha ya ukutani mpaka afe, na yeye alitaka kuwa kocha. Akafunga kibwebwe.

Wachezaji hawakumpa taabu kuwapata. Dubai imejaa wanawake waliowahi kucheza mpira wakaacha kwa sababu maisha yaliwatuma kwingine. Aliwakusanya kumi na watano, Wakenya, Waganda na Watanzania: wasafishaji, walinzi, wapishi wa kambi, msusi mmoja. Wengi walikaa Muhaisnah, kwenye majengo ya kampuni zao. Shida ilikuwa zamu. Nusu yao walifanya kazi mchana na nusu usiku, na kuwakutanisha wote pamoja ilikuwa sawa na kuomba mvua ya Agosti katika mji ule. Nunu akaona asijisumbue. Akawagawa makundi mawili. Kundi la usiku lilifanya mazoezi asubuhi, likitoka tu kazini, kabla ya kwenda kulala. Kundi la mchana lilifanya jioni, saa kumi na moja, kabla jua halijazama.

Kiwanja kilikuwa kimoja, mchanga mtupu nyuma ya maegesho ya malori. Hakikuwa na mistari wala milingoti. Mapipa mawili yalikuwa goli, na sikuzote walishambulia kuelekea tangi la maji.

"Tukinyang'anya mpira tu," Nunu aliwaambia wa asubuhi, "twendeni upande wa jua." Jioni akawaambia wa jioni vilevile. Hiyo ilikuwa silaha yake ya siku zote: beki anayekukaba huku jua likimpiga machoni haoni miguu yako. Akawarudisha hapohapo kwa wiki tano, tena na tena, wakilalamika na wakitoa jasho, mpaka miguu yao ikajua njia bila kuulizwa. Alijivuna kimoyomoyo. Nani alisema winga hawezi kufundisha?

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe nne Novemba, baada ya Magharibi, kwenye uwanja wa nyasi wenye taa nne ndefu. Kwa ruhusa za kuombaomba, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa timu nzima kuwa mahali pamoja. Walisalimiana kama wageni wa harusi, upande wa bibi na upande wa bwana. Nunu akawapanga, akamweka mlinzi wa usiku aitwaye Virginia beki wa kushoto, na mbele yake, winga wa kushoto, akamweka Joweria, Mganda aliyesafisha vyumba palepale hotelini kwake. Filimbi ikalia.

Kilichofuata Nunu hakuwahi kukiona katika maisha yake yote ya mpira. Timu ilichanika katikati kama leso iliyovutwa na watu wawili. Kila mchezaji wa kundi la usiku alipopata mpira aliupeleka kulia. Kila wa kundi la mchana aliupeleka kushoto. Virginia alinyang'anya mipira mizuri, akaipiga yote ng'ambo ya kulia ambako hapakuwa na mtu ila mshika kibendera. Joweria alisimama kushoto mikono juu, akipiga kelele kwa Kiganda. Mashabiki walicheka mpaka wakashikana mabega. Walifungwa manne bila.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?" Nunu aliwauliza walipotoka.

"Coach, si ulisema side ya jua?" Virginia akasema, akinyoosha mkono wa kulia.

"Jua liko huku, madam," Joweria akasema, akinyoosha wa kushoto.

Nunu alitazama mikono ile miwili. Kisha akatazama juu, kwenye taa nne, na mbingu nyeusi nyuma yake. Ukilitazama tangi la maji asubuhi, jua liko kuliani kwako. Ukilitazama jioni, liko kushoto. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua hilo. Wiki tano nzima alikuwa amefundisha timu mbili zinazokimbia kwa kupeana kisogo, na hakuona, kwa sababu katika miaka yake yote hakuwahi kuhitaji kujua upande mwingine uko wapi. Yeye alikuwa na upande wake. Kocha wake akisema jua, yeye alikuwa tayari kwenye chaki yake ya kushoto akisubiri mpira.

"Kosa ni langu," akasema. Aliona aibu, akaisema hivyohivyo ilivyo. "Langu peke yangu. Msilaumiane."

Lakini walishaanza.

"Huyu hataki kunipa mpira," Joweria alisema. "Nimeita mara ishirini."

"Nitakupa aje na sikujui?" Virginia akajibu. "Kwani we ni nani?"

"Joweria."

Virginia alimsogelea. "Joweria wa Discovery Gardens? Kitanda cha dirishani?"

"Eh! Ni wewe wa mafuta ya nywele!"

Ikabidi na wengine wasioelewa waelezwe. Kule mtaa wa Discovery Gardens kuna vyumba vya watu wanane wenye vitanda sita, na vitanda viwili kati ya hivyo vina wenyewe wawiliwawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Mlinzi akirudi asubuhi, msafishaji ameshatoka. Wawili hawa walikuwa wamelala kitanda kimoja mwaka mmoja na miezi minne, na jina la mwenzake kila mmoja alilijua kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani tu. Vingine walivyojuana ni vya kuudhi: mafuta ya nywele kwenye mto, makombo ya chapati kwenye shuka.

Mechi ya pili walishinda moja bila, kwa bahati na kwa kipa. Nunu alikuwa amefuta neno jua kinywani mwake na kuchora mistari ya mazoezi kwa unga wa chaki. Timu ilianza kukaa sawa, isipokuwa mahali pamoja, na mahali penyewe, kwa kejeli ya mambo, ni winga ya kushoto. Joweria na Virginia waligongana. Wakipishana, wanapishana vibaya. Wakisimama, wanasimama pamoja mahali pamoja kama watu waliogombea kiti. Tena hawakusemezana. Nunu alijaribu kuwaeleza kwa maneno, akajaribu kwa vijiwe mchangani, akajaribu kwa ukali. Hapo ndipo alipokuwa fundi kuliko wote, na hapo ndipo aliposhindwa kuwafundisha. Usiku aliota anaingia mwenyewe uwanjani.

Jumatano moja isiyo na mazoezi, walipowahi kutoka kazini kuliko kawaida, badala ya kwenda kwake, alipanda metro na Joweria mpaka Discovery Gardens. Alitaka kuwaweka wote wawili mbele yake, hata kwa dakika kumi, awaseme mpaka waishe. Walifika saa kumi na moja na nusu. Virginia alikuwa ndiyo anaamka, mabasi ya walinzi yanaondoka saa kumi na mbili.

Nunu alisimama mlangoni na mkoba wake, hotuba yote iko tayari mdomoni. Hakuitoa.

Kati ya kitanda cha dirishani na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Virginia alivuta shuka lake, akatoka kwa upande wa miguuni. Wakati huohuo Joweria aliingia kwa upande wa ukutani na shuka lake mkononi. Viatu vya mmoja vilitoka chini ya kitanda, vya mwingine vikaingia. Msumari wa ukutani ulikuwa mmoja. Sare ya ulinzi ikashuka, koti la usafi likapanda. Virginia akageuka, Joweria akapita nyuma yake. Haikufika dakika moja. Hawakutazamana, hawakusema neno, wala bega halikugusa bega.

"Rudieni," Nunu akasema.

"Nini, madam?"

"Hivyo mlivyofanya. Rudieni."

Walimtazama kama amechanganyikiwa. Nunu alikuwa anacheka, machozi yakimlenga. Akaingia ndani, akakaa kwenye kitanda cha mtu.

"Mwenzako akitoka kwa nje, wewe unaingia kwa ndani," akasema. "Akiingia ndani, wewe unatoka nje. Hamkai mahali pamoja, na hamwachi mahali patupu. Ndicho ninachowapigia kelele wiki mbili nzima! Beki na winga wake ndiyo hivi tu. Mwaka mmoja na miezi minne mnafanya mazoezi kila siku, kila mtu kwa zamu yake, akimwachia nafasi mwenzake asiyemwona, halafu mnaniambia hamjuani."

Virginia alifunga kifungo cha sare, akakifungua, akakifunga tena.

"Lakini hayo makombo, bana," akasema.

"Na hayo mafuta," Joweria akajibu.

"Nitafunga kitambaa kichwani."

"Mimi nitakula jikoni."

"Sawa. Basi langu litaniacha." Virginia akachukua kofia yake. Mlangoni aligeuka. "Ukiingia ndani na mpira, unaingia na mguu gani?"

"Wa kulia."

"Basi mi napita nje kabla hujaugusa mara ya pili. Usiniangalie, upige tu."

Kuanzia siku hiyo winga ya kushoto ilifufuka. Mechi ya tatu walishinda matatu kwa moja, nusu fainali mawili kwa moja, na mabao manne kati ya hayo matano yalitoka upande wa Joweria na Virginia. Nunu alisimama kwenye mstari wake, mikono nyuma, na mpira ulipotoka nje ukaja miguuni kwake aliuruka kama moto. Ahadi ni ahadi.

Fainali iliwekwa saa kumi alasiri. Sikukuu hiyo hoteli zote za Al Rigga zilijaa hadi pomoni, na mkuu wa idara alisema piga ua hakuna ruhusa, si kwa Nunu wala kwa Joweria, mpaka vyumba vyao viishe. Nunu hakubishana. Aliingia kazini saa kumi alfajiri, akaanza na vyumba vya wageni waliokwenda kupanda ndege, akatandika vitanda kumi na vinne vya Joweria kwa mikono yake mwenyewe juu ya kazi yake ya kusimamia. Ilipofika saa nane mchana, goti lilikuwa limevimba na vyumba vyote vilikuwa tayari. Huko Discovery Gardens, Virginia alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku na kulala, na Joweria, kwa mara ya kwanza yuko nyumbani mchana, alikaa sakafuni mlangoni saa nne nzima akiwanyamazisha wenzake wa chumbani mwenzake asiamke.

Watu walijaa. Wapinzani walikuwa timu ya wanawake wa saluni za Karama, mabingwa wa mwaka uliopita, wepesi na wajanja. Mzee Marhun alikuwa amemtuma mtu alete jezi namba kumi na moja, iliyokunjwa vizuri, yenye jina la Nunu mgongoni. "Mzee amekuandikisha kwenye orodha," mtu yule akasema. "Endapo tu." Nunu aliiweka kwenye benchi, akaweka mkoba juu yake ili asiione.

Saluni walifunga mapema. Huda, mpishi wa kambi aliyecheza mbele, akasawazisha kwa kichwa kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili wakabadilishana magoli, na winga ya kushoto ya Nunu ikahamia ng'ambo ya mbali, kule penye mashabiki. Mpira ukawa mgumu. Wachezaji wake wawili waliumia, akawatoa. Wengine wawili walichoka, akawabadilisha. Benchi likabaki na mtu mmoja wa kuingia, naye ni yeye.

Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili, Joweria alianguka. Si kwa kuchezewa vibaya. Msuli wa mguu ulimkaza. Alinyanyuka akichechemea.

Hapo uwanja mzima ukaanza. "Nunu! Nunu! Nunu!" Walikuwa Wakenya, wakawa Waganda, wakawa wote. Mzee Marhun mwenyewe akashuka kutoka kwenye kiti chake cha mgeni rasmi, kanzu ameishika mkononi, akaja mpaka kwenye benchi.

"Ingia, mwanangu."

"Tulikubaliana nisiguse."

"Nalifuta hilo. Watu hawa wamekuja kukuona wewe. Ingia, uwafunge hawa wa saluni, na kazi ni yako. Kesho asubuhi tunaandika karatasi. Wallahi."

Nunu alitazama ng'ambo. Beki wa kulia wa saluni alikuwa amechoka, mikono kiunoni, uzito wote mguu mmoja. Nunu angempita. Goti au hakuna goti, mara moja tu angempita, na mara moja ilitosha. Miguu yake ilimwomba hivyo kwa sauti kubwa kuliko mashabiki. Kazi, viza, Dubai, vyote viko hatua hamsini kutoka pale.

Lakini kazi hiyo angepewa nani? Angepewa yule wa mabao thelathini na nane, sasa thelathini na tisa. Wasichana wa Mzee Marhun wangemngoja apige danadana. Na hawa kumi na mmoja, waliotoka zamu, waliokimbia bila kulala, wangerudi Muhaisnah wakijua kwamba mambo yakiwa magumu mwalimu anakuja kufanya mwenyewe.

"Siingii," akasema.

"Bi Nunu!"

"Mzee, nisamehe. Nipishe, naomba nione uwanja."

Akaenda mpaka mwisho wa mstari wake, akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti iliyowahi kuita mipira katika viwanja vya nchi tisa.

"Virginia! Joweria! Badilishaneni kitanda!"

Mashabiki hawakuelewa. Wawili wale walielewa. Virginia alipanda mbele kuwa winga, na Joweria akashuka nyuma na mguu wake mbovu kuwa beki, bila kugongana, bila hata kutazamana. Kocha wa saluni aliona mchezaji anayechechemea amefichwa nyuma, akawaambia watu wake wasihangaike naye.

Ikiwa imebaki dakika moja, Virginia alipokea mpira kwenye chaki. Aliyelala mchana bila kusumbuliwa alikuwa na pumzi ambazo hakuna mwingine uwanjani alikuwa nazo. Akamkabili beki, akaukata kuingia ndani kwa mguu wa kulia, na saluni wote watatu wa upande ule wakamfuata. Nyuma yake Joweria alishaondoka. Msuli ulikuwa unamuua, alisema baadaye, lakini mwenzako akiingia ndani wewe unatoka nje, miguu haikumuuliza. Virginia hakumtazama. Akausukuma mpira kwa nje, mahali patupu, na pale patupu Joweria alikuwa amefika. Hatua nane za kuchechemea, kisha krosi ya chini. Huda akaukuta kwa goti, wala si goti zuri, ukaingia ukigonga mlingoti.

Nunu hakuruka. Alikuwa amesimama upande wa pili kabisa, na alikuwa ameona kila kitu: Virginia akiingia, Joweria akitoka, Huda akirudi nyuma hatua mbili kumpoteza beki, na huku kulia, karibu yake kabisa, watu wake wanne waliosogea katikati kuziba mlango, kama alivyowafundisha, bila mtu wa kuwashangilia. Miaka kumi na minne aliishi ndani ya winga ile ya kushoto na hakuwahi kuiona. Ilikuwa nzuri kwa mbali. Machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

Filimbi ya mwisho ilipolia wakambeba. Kombe likapita mikono kumi na mitano, lakini sherehe haikuwa ndefu. Kulikuwa na zamu. Virginia alivalia sare ya ulinzi palepale pembeni ya uwanja, medali akaiacha shingoni chini ya shati, akakimbilia basi. "Lala vizuri!" akamwambia Joweria. "Shuka la leo ni safi!"

Mzee Marhun alibaki mpaka watu wakapungua. Alikuwa bado na uso wa mtu aliyekatazwa kwake mwenyewe.

"Hukuingia," akasema.

"Sikuingia."

"Na ungeingia, ningekupa kazi."

"Najua, mzee. Ungempa mchezaji."

Mzee akafikiri, akipangusa vumbi kwenye kanzu. Kisha akacheka kidogo, safari hii akijicheka mwenyewe. "Ile jezi nirudishie basi. N'tampa msichana mmoja huko shuleni, ana mguu wa kushoto kama shetani. Utamwona mwenyewe. Karatasi zako za viza nitumie wiki hii, usinichelewee."

Jumapili ya pili ya Januari Nunu alifika kwenye shule ile saa moja kabla ya wasichana. Nyasi zilikuwa nzuri, ila mistari ilikuwa imefutika, na mtu wa kuichora hakuwa amefika. Akatafuta ndoo ya rangi nyeupe, brashi na kamba ndefu. Jua la alasiri lilikuwa kali upande wa kushoto, palepale alipopazoea, na miguu yake ikaanza kwenda huko yenyewe.

Akaizuia. Akachukua ndoo, akavuka uwanja mzima mpaka upande wa kulia, ule ambao hakuwahi kuucheza hata dakika moja, akapiga magoti na kuanzia huko.